Baba Hakusemaka Vile

Sisi tunaolalamika hapa hatuna chama wala katibu, na hakuna aliyetutuma. Ni wakaaji tu wa komini ya Lubumbashi, watu wa Kalubwe, Makutano, Gambela na Mampala: walimu, wauza mikate, madereva wa teksi, mafundi wa kushona, wastaafu wa mgodi, wamama wa kwaya. Tunaonana kwenye vilio kuliko kwenye arusi, na huko ndiko tunakonong'onezana. Sasa tumeona tuseme kwa sauti, maana jambo limezidi. Jambo lenyewe ni simu, namna ilivyoingia kilioni ikachukua kiti cha mbele, ikakaa karibu na mjane kuliko dada zake.

Hatukatai simu. Pesa ya sanduku na ya gari la maiti siku hizi inakusanywa kwa simu: mmoja anatuma kutoka Kolwezi, mwingine kutoka Kasumbalesa, mwingine kutoka Brussels, na kabla ya jua kuzama fundi ameanza kupiga randa. Kwa hilo tunashukuru. Tunayolalamikia ni yale yanayofuata pesa.

Tuanze na habari yenyewe. Kifo kina utaratibu wake, na utaratibu huo haukuwekwa na wakubwa kwa kupenda ukubwa. Mtu akifariki, wazee wa familia hujua kwanza. Wanaangalia nani ana presha, nani ana mimba, nani yuko peke yake nyumbani. Mama mukubwa haambiwi akiwa njiani na beseni kichwani. Anaitwa, anaketishwa, watu wawili wanakaa ubavuni, ndipo baba mudogo anafungua kinywa. Baadaye komunike inapelekwa redioni, na msomaji anataja majina yote: wa komini ya Katuba, wa komini ya Kenya, wa Kipushi, wa Likasi, mpaka wale wa Kitwe na Ndola ng'ambo ya mpaka, kila mmoja kwa nafasi yake katika ukoo. Ilikuwa ndefu, na vijana mlikuwa mnaicheka, lakini aliyesikia jina lake alijua bado anahesabiwa.

Leo muuguzi hajamaliza kuvuta shuka, tayari mpwa ameweka mshumaa kwenye status. Kuna mama wa kartie yetu, muuza mboga, aliyepata habari ya mdogo wake kutoka kwa mteja. Mteja alikuwa anachagua lengalenga, akasema, "Mama, pole sana." Mama akauliza, pole ya nini? Mteja akanyamaza, akaangalia simu yake, akaelewa kwamba ameshasema. Mama alikaa chini pale pale kati ya meza na meza, na wapita njia wawili wakatoa simu wampige picha. Aliyeweka ule mshumaa alipoitwa na wazee alijibu, "Nilitaka tu kumpa heshima." Tunamuuliza mbele ya watu wote: heshima gani hiyo inayomfikia mteja wa mboga kabla ya dada wa marehemu?

Kisha inakuja kamera. Mpwa yuko Johannesburg, shemeji yuko Brussels, na ndio waliotuma fungu kubwa, kwa hiyo ndio wanaoongoza. Padri anasali, sauti inatoka kwenye simu: "Sogeza kidogo! Hatuoni uso! Nani huyu anaziba?" Anayeziba ni mjane. Kijana aliyeshika simu ameinua mkono juu ya sanduku, mega za intaneti zinakatika, picha inaganda, na sala inangoja laini irudi. Tumeshuhudia sanduku likiteremshwa kaburini, kisha likapandishwa tena kidogo, kwa sababu aliye ng'ambo hakuona vizuri.

Tunawahurumia walioko mbali. Viza na tikiti si mchezo, na kulia peke yako katika chumba cha ugenini ni adhabu. Lakini aliyeko mbali azike kama mtu wa mbali: aangalie, anyamaze, alie. Akitaka kuongoza mazishi, apande ndege.

Picha ya maiti nayo si jambo jipya, na wanaosema kwamba wazee wetu hawakupiga picha kilioni wanadanganya. Albamu nyingi za mji huu zina picha ya familia imezunguka sanduku, watu wa suti, wamama wa vitambaa vya kichwa, mtoto mmoja anaangalia pembeni. Tofauti ni kwamba picha ile ilikaa kabatini. Ulikuwa unaiomba, mwenye nyumba anakuangalia kwanza, halafu anaitoa, na anakueleza kila aliyesimama pale ni nani. Ya leo inakufuata mwenyewe kitandani saa tano ya usiku, kati ya tangazo la mafuta ya nywele na video ya mtu anayecheza dansi.

(Na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, kilio kimekuwa pia mahali pa kuchaji. Jenereta inakodishwa kwa ajili ya taa na spika, lakini ukifuata waya utakuta balbu moja na chaja kumi na mbili. Kuna majirani hatuwajui majina, tunajua tu simu zao.)

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mzee mmoja wa kwetu alifariki, mmoja wa wale wafanyakazi 10,655 walioondoka kampuni ya migodi ya Gécamines katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003 na 2004. Alizikwa vizuri. Siku ya kumaliza kilio, watu wamekula bukari na samaki, masanduku ya bia ya Simba yamefunguliwa, mjukuu mmoja anayejua kompyuta akaomba kimya. Alikuwa ametengeneza kitu cha kumkumbuka nkambo wake. Akafunga shuka nyeupe ukutani, akawasha projekta.

Picha ilikuwa moja tu, ile ya kadi ya kazi: kola imefungwa mpaka shingoni, macho yamekazwa, kwa sababu zamani hizo hakuna aliyecheka mbele ya mpiga picha wa kampuni. Mashine ikaipepesa macho. Ikaigeuza shingo, kushoto, kulia. Kisha ikaifungua kinywa, na ndani mlikuwa na meno yote, meupe, yamepangika. Sisi tuliofanya kazi naye tunajua meno yake mawili ya mbele yalibaki karakana. Halafu sauti ikatoka: "Wapendwa wanafamilia, nawashukuru nyote kwa kuhudhuria. Msihuzunike, mimi nipo mahali pema."

Kilikuwa Kiswahili cha msomaji wa habari wa Dar es Salaam. Mzee wetu hakuwahi kusema "wanafamilia" maishani mwake. Alikuwa anachanganya Kiswahili cha hapa na Kibemba cha mama yake na Kifaransa cha mzungu wa karakana, na salamu yake kwa kila mtu, hata padri, ilikuwa kuuliza, "Unaniletea nini?" Watoto walicheka. Mjane alisimama akaenda jikoni. Na binti yake mkubwa, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akasema: "Zima. Baba hakusemaka vile."

Kijana alifedheheka, na tunasema wazi hakuwa na ubaya. Alikuwa amekopa pesa ya mega na ya kukodi projekta. Alitueleza kwamba programu za namna ile hujifunza kusema kutoka kwa vitabu, redio na video zilizopo kwenye intaneti, na Kiswahili kilichomo kwa wingi ni cha Tanzania na Kenya. Cha kwetu kimo kidogo mno. Tukaelewa, na kuelewa kukatuongezea hasira. Mji huu ulianza 1910. Vizazi na vizazi vimezaliwa humu, vimechumbiana, vimegombania mashamba na kufa kwa Kiswahili hiki, na mashine ikitaka kumrudisha mmoja wao inamwazimia ulimi wa mtu mwingine kabisa.

Tena si jambo la Lubumbashi peke yake. Mwaka 2021 kampuni ya MyHeritage ilitoa chombo cha kuzifanya picha za zamani zigeuze shingo na kutabasamu, na dunia nzima ikakimbilia kuchezesha mababu. Mwaka mmoja kabla, televisheni moja ya Korea Kusini ilimwonyesha mama aliyevaa miwani ya kompyuta na glavu akikutana na binti yake aliyefariki akiwa mtoto. Mama analia, anapapasa hewa. Sisi wengine tuliiona kwenye simu za watoto wetu, na hatukukubaliana: mmoja alisema ni rehema, mwingine alisema ni uchawi uliolipiwa kodi. Huko Marekani zimekuwepo kampuni kama HereAfter AI na StoryFile, ambako mtu mwenyewe, akiwa hai, anakaa chini akaulizwa maswali, akajibu kwa kinywa chake, na baadaye wajukuu wanauliza wanasikia majibu yale. Kwa hizo tuna neno dogo tu la kulalamika, maana angalau mwenye sauti alikubali. Mzee wetu wa karakana nani alimwuliza?

Kuna waliotuambia kwamba tunawanyima watu faraja. Hapana. Tunamjua mama wa Makutano ambaye binti yake alifariki, na katika simu yake kuna ujumbe wa sauti ambao binti aliutuma akiwa ndani ya basi: "Mama, ukipita sokoni nunua nyanya, mimi nitachelewa." Basi linapiga honi, konda anadai nauli. Mama anausikiliza karibu kila jioni, na anaposikiliza sisi tunapunguza redio. Hakuna anayelalamika. Ile ni sauti yake kweli, alisema yeye mwenyewe, na alichosema ni nyanya. Video ya mashine ingemfanya aseme yuko kwa malaika.

Ndiyo maana linatuuma kwamba vijana wana mbinu za kumfanya marehemu aseme asilosema, na hakuna anayejishughulisha kulinda yale aliyosema. Simu ya yule mama ikiibwa kesho ndani ya teksi, binti amekwisha. Tumemwomba mara nyingi ahamishie ile sauti mahali pengine. Anaogopa kijana wa kuhamisha ataifuta. Na ana haki ya kuogopa, kwa sababu wamekwisha kufuta vya wengine.

Hizo kampuni kubwa nazo hazingoji mtu amalize kulia. WhatsApp hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120. Picha ya marehemu na lile neno aliloandika chini ya jina vinaondoka. Google ilitangaza 2023 kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa, pamoja na picha zilizomo. Facebook yenyewe inafanya kinyume: inamwacha, na kila mwaka siku yake ya kuzaliwa wanakuja watu wasiojua kumtakia maisha marefu. Ni kweli kuna namna ya kuchagua, ukiwa hai, mtu atakayeangalia ukurasa wako ukifa. Tuliulizana kilioni nani amechagua, na waliokuwa karibu walisogea mbali na aliyeuliza, kana kwamba ameleta kifo mezani.

Namba ya simu ni habari nyingine. Baada ya muda wa kukaa kimya inauzwa upya. Mjane mmoja wa Kalubwe hakuifuta namba ya mumewe. Siku moja akaona kwenye ile namba picha ya kijana amevaa miwani ya jua, ameegemea pikipiki. Akatuma ujumbe, "Wewe ni nani?" Kijana akajibu, "Na wewe?" Walibishana kidogo, kijana alipoelewa akaomba msamaha kwa adabu kabisa, na sasa humtumia mama salamu za Krismasi. Tunamsifu kijana. Lakini kampuni iliyouza ile namba haijatuma hata salamu.

Na pesa iliyobaki ndani ya simu? Marehemu alikuwa na namba ya siri, akaenda nayo. Tumemwona mjomba katika chumba cha maiti akibonyeza kidole gumba cha marehemu kwenye kioo, mara tatu, simu ikakataa, ikadai namba. Ofisi moja ilitaka hati ya kifo, kitambulisho, barua ya baraza la familia na nakala za hizo zote. Nauli za kufuatilia zikazidi akiba yenyewe, familia ikaacha.

Wengine watasema: hawa ni wazee, wanaogopa mashine. Mji huu haujawahi kuogopa chombo cha kukumbukia. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita na mashine yake ya kurekodi akamkuta kijana wa gitaa kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kijana huyo, Mwenda Jean Bosco, alifariki 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia, na mpaka sasa ukiwa na mega unamsikia: vidole, pumzi, Kiswahili chake cha Katanga bila kurekebishwa na mtu. Hakuna aliyemtengenezea sauti. Alirekodiwa, akalindwa.

Mwaka 1965 André Yav na wenzake, waliokuwa wapishi na watumishi katika nyumba za wazungu, walipiga taipu historia ya mji huu, ambao bado uliitwa Elisabethville, kwa Kiswahili cha hapa hapa, wakawaandika mabwana wao waliokufa na watumishi waliokufa, wema na ukatili wao. Karatasi zile zingepotea kama za wengi. Leo zinasomeka kwenye intaneti, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa na Johannes Fabian na Vincent de Rooij, Amsterdam. Tunasoma ya mabibi na mababu zetu kupitia Uholanzi, tukilipa kwa mega. Hilo tunaliweka kwenye lalamiko, mstari wa pekee.

Kisha yuko Tshibumba Kanda Matulu. Huyu alichora kwenye kitambaa cha gunia la unga, akauza mlango kwa mlango. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi, karibu michoro 100. Alichora Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliogoma wakitaka nyongeza ya mshahara, wakapigwa risasi uwanja wa mpira, na kiongozi wao Léonard Mpoyi kati yao. Hakuwepo, alizaliwa 1947. Kwa hiyo na yeye alibuni nyuso, alibuni rangi za mashati, alimweka Mpoyi mahali alipotaka. Mtu anaweza kutuuliza: kwa nini mnamsamehe Tshibumba na kumzomea mjukuu wa kompyuta?

Swali hilo lilitusumbua, tukalijadili mpaka bia ikapoa... samahani, mpaka ikapata moto. Jibu letu ni hili. Tshibumba aliandika jina lake kwenye mchoro. Ulikuwa unaweza kumfuata, kumwambia, "Uongo, baba yangu alikuwa pale, askari walisimama upande ule." Naye alikuwa anajibu: yule Fabian wa hifadhi ya Amsterdam alikaa naye na kinasa sauti, mchoro kwa mchoro, na mazungumzo yao yamechapishwa. Yeye alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hatujui alipolala, lakini mpaka leo ukiona ule uwanja wa mpira unajua ni macho ya nani yanakuonyesha. Mpiga picha Sammy Baloji vilevile: katika kazi yake ya 2006 alichukua wafanyakazi wa picha za zamani za kampuni, wengine wamevuliwa mashati, akawasimamisha mbele ya magofu ya leo ya Gécamines. Alichanganya waliokufa na walio hai, lakini alionyesha mshono, na chini kuna jina lake. Ile video ya ukutani haikuwa na jina. Ilisema "mimi". Mzee mwenyewe ndiye aliyedaiwa kusema.

Hata chuo chetu kilijua njia. Tangu 2000 wale wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kina Dibwe dia Mwembu pamoja na Bogumil Jewsiewicki, waliwaomba watu wa mji walete vitu na hadithi zao, vikaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho. Mtu alikuja na kitu chake, akaeleza kilikuwa cha nani. Hakuna aliyekipaka rangi mpya.

Na serikali, ikitaka, hukumbuka vizuri sana. Juni 2022 jino la Patrice Lumumba, ndilo lililobaki la mwili wake baada ya kuuawa karibu na hapa tarehe 17 Januari 1961, lilirudishwa kutoka Ubelgiji, likazungushwa nchini, likapita Lubumbashi na Shilatembo, pale alipouawa, kabla ya kuzikwa Kinshasa. Tulisimama barabarani. Jino moja, na barabara zilijaa. Hakuna aliyehitaji kumsikia akitoa hotuba mpya.

Turudi kwenye hali yetu. Makaburi yamejaa, misalaba ya chuma inang'olewa ikauzwe kwa kilo, na mtu akirudi baada ya miaka miwili anazunguka na jembe akiuliza watoto wa pale baba yake ni yupi. Hivi karibuni alikuja mfanyabiashara mmoja na kibao cha chuma chenye ule mraba wa madoa meusi unaopigwa picha na simu. Unakibandika kaburini, mgeni akikisoma anaona maisha ya marehemu. Huko Japani, Ulaya na Marekani vipo. Tulimsikiliza kwa heshima. Mama mmoja akamwuliza kibao kina uzito gani. Akasema kiasi. Mama akamwambia, "Basi kesho yake kiko kwenye mizani." Mfanyabiashara hakurudi.

Mwenye pesa hana shida hizi. Kilio chake kina skrini mbili, ndege ndogo ya kamera inazunguka juu ya turubai, na wapiga picha watatu wanagombania uso wa mjane. Maskini ana picha moja ya kadi ya kupigia kura, na ndiyo hiyo inayopelekwa kwa mashine iongezewe meno. Hapo ndipo tunapoona ubaya wa jambo hili: aliye na picha nyingi mashine inamfuata, aliye na moja mashine inambuni. Anayebuniwa ni yule yule ambaye hata akiwa hai wengine walimsemea.

Tangu 13 Machi 2023 nchi ina Kanuni ya Dijitali, nayo inazungumzia habari binafsi za watu. Hakuna aliyekuja Gambela kutueleza kama picha ya marehemu ni mali ya mjane, ya watoto, ya mjomba, au ya aliyeshika simu. Tukingoja maelezo hayo, tumejiwekea yetu, na tunaomba mtusaidie kuyafuata.

Habari ya kifo isitoke kwenye simu kabla mkubwa wa familia hajasema imetoka. Kaburini simu iwe moja, ishikwe na aliyeteuliwa, sauti imezimwa. Vijana wa kompyuta, tunawahitaji, msituchukie: njooni mtuhamishie zile sauti za nyanya na za nauli, mtuandikie majina nyuma ya picha kabla wazee wanaowajua hawajakwisha, muwarekodi walio hai wakisema Kiswahili chao jinsi wanavyosema, na kopi moja ikae hapa mjini. Kwa kazi hiyo tutachanga, kama tunavyochanga kwa sanduku.

Na anayetaka bado kumtikisa marehemu kwenye shuka ukutani, aandike chini, kwa herufi zinazosomeka kutoka kiti cha nyuma: jina la aliyeitengeneza, na jina la mtu wa familia aliyeruhusu. Video isiyo na majina hayo mawili hatuiangalii na hatuilipi.